Nilipandisha bei ya chumba siku tano tu, gesti zote tatu zikalipia



Wiki hii nimepata ujumbe inboksi kutoka kwa kijana mmoja wa Dar. Ana milioni 30 mkononi, amezikusanya kwa miaka sita. Ananiambia hivi: "Kaka, nasikia gesi ya Lindi inakuja kweli safari hii. Nataka nishushe loji ya vyumba kumi huko kwenu Mitwero. Nipe makadirio ya faida."

Nimeanza kumjibu, jibu likawa refu. Halafu nikakumbuka siyo wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo naliweka hapa kila mtu asome. Litawafaa hata wasio na gesti, maana humu ndani kuna habari ya bei na mteja wa kudumu, na hilo linamhusu hata muuza chapati.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Nina nyumba tatu za kulala wageni. Ya kwanza iko hapa Mitwero, nje ya Lindi mjini, vyumba 8. Ya pili iko Mnazi Mmoja, pale barabara zinapoachana, moja Mtwara na nyingine Masasi, vyumba 6. Ya tatu Nangurukuru, kwenye njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, vyumba 7. Jumla vyumba 21. Siyo hoteli, nisije nikawadanganya. Hakuna lifti wala bwawa la kuogelea, na wali kuku unaagizwa kwa mama jirani. Lakini jina ni moja, rangi ya milango ni moja na bei ni moja. Niliyojenga ni moja tu, hizo nyingine mbili nimepanga. Hilo la kupanga nitalirudia.

Sasa hiyo gesi. Nilianza kuisikia kama yeye anavyoisikia. Kuanzia 2010 makampuni yalipata gesi kwenye kina kirefu cha bahari ya Lindi na Mtwara. Mtwara watu walijenga usiku na mchana, wageni wa makampuni wakajaa, bei za vyumba zikapanda, halafu kazi za utafiti zilipopungua wageni wakaondoka na majengo yakabaki. Kwetu Lindi ikaja habari ya kiwanda cha kusindika gesi pale Likong'o. Wananchi wakalipwa fidia ya ardhi. Juni 2022 mkataba wa awali ukasainiwa Dodoma na makampuni makubwa, Equinor na Shell wakiwemo. Na leo ukienda Likong'o unakuta korosho na minazi. Sisemi kiwanda hakitajengwa, Mungu akipenda kitajengwa. Nasema mkopo wa benki hausubiri kiwanda. Mwezi ukiisha, unakatwa.

Mimi nilifungua Mitwero 2015. Kilichonidanganya hakikuwa gesi peke yake, Nane Nane pia ilinidanganya. Miaka ile sherehe za kitaifa zilikuwa zinafanyika kwetu, viwanja vya Ngongo, na wiki ile ya Agosti ulikuwa hupati chumba Lindi nzima, watu wanalala kwenye magari. Nikafanya hesabu ya mtu mwenye furaha: vyumba 8 mara 20,000 mara siku 30, ni 4,800,000 kwa mwezi. Nikaenda kukopa nikiwa na karatasi hiyo.

Karatasi ile ilikuwa na kosa moja. Mwezi una wiki nne, na Nane Nane ni wiki moja kwa mwaka. Baadaye sherehe za kitaifa zikahamia Simiyu, hata wiki yenyewe ikapungua.

Ngoja niwape hesabu halisi ya mwaka ule, maana wengi mnaongea faida bila kuandika. Chumba kimoja kikilala mtu usiku mmoja, mimi nahesabu moja. Kwa mwezi nyumba ina 240. Nilikuwa nalaza 70. Mara 20,000, ni 1,400,000. Matumizi: wahudumu wawili 300,000, mlinzi 120,000, LUKU 160,000, maji 60,000, sabuni na dawa za choo 70,000, matengenezo 100,000, na 150,000 naitenga kwa ajili ya leseni, kodi na ushuru wa halmashauri. Jumla 960,000. Inabaki 440,000. Marejesho ya benki 620,000. Yaani kila mwezi nyumba ilikuwa inanila 180,000, na ilikuwa inatoka kwenye genge la mke wangu. Mwanamke anauza nyanya na dagaa ili mimi niitwe mwenye loji.

Ukigeuza ile hesabu unapata kitu kingine. 960,000 na 620,000 ni 1,580,000. Gawa kwa 20,000, ni vyumba 79. Nilikuwa nalaza 70. Kumbe shida yangu yote, kelele zote nyumbani na usingizi wote uliopotea, ilikuwa ni vyumba tisa kwa mwezi! Siyo gesi, siyo Nane Nane. Vyumba tisa.

Kuna wajenzi wawili wa Marekani walianza kwa kugeuza hesabu hivi hivi. Mwaka 1962 kule Santa Barbara, California, William Becker na Paul Greene walitaka kujenga nyumba za wageni za bei chini kabisa. Wakapiga mahesabu ya ujenzi, ardhi na usafi wakaona wakitoza dola 6 kwa usiku gharama zinarudi. Basi nyumba wakaiita Motel 6. Bei ikawa ndiyo jina. Jina lipo mpaka leo ingawa dola 6 haipo tena. Mimi nilianza na jengo nikatafuta bei baadaye, ndiyo maana genge la mke wangu lilikoma.

Vyumba tisa vinatoka wapi? Nilijaribu njia ya haraka kwanza, ile mnayoijua: shoti taimu. Saa mbili, elfu saba. Sitaki kujifanya mtakatifu, hela ilikuwepo. Lakini shuka zinafuliwa mara tatu kwa siku, maji yanaisha kwenye tanki, kelele, na mara mbili polisi wamekuja kuangalia daftari la wageni. Kubwa kuliko yote nililigundua kwa bahati. Mtu mmoja wa mauzo alilala kwangu, mkewe akapiga simu akamuuliza yuko gesti gani. Alipotaja jina, mkewe akakaa kimya. Asubuhi yule bwana akaniambia, "Kaka, chumba chako kizuri, lakini siwezi kurudi hapa. Nyumba yako ina sifa." Nikamwelewa. Mtu wa shoti ananipa elfu saba leo. Yule bwana anapita Lindi mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima, na analala peke yake.

Shoti nikaifunga. Mwezi wa kwanza niliumia, nisiwafiche.

Halafu nikaanza kumwangalia huyo mtu anayesafiri kikazi, anataka nini hasa. Wako wa aina mbili na hela zao haziko sawa, zingatieni hapa. Wa kwanza ni mtumishi wa serikali au wa mradi. Huyu anapewa posho ya kujikimu kwa siku. Julai 2022 serikali iliipandisha, kima cha chini kikatoka 80,000 kwenda 100,000, cha juu kikatoka 120,000 kwenda 250,000. Hela hiyo ni yake, akilala pa elfu themanini inaisha, akilala pa elfu ishirini inabaki na ada ya mtoto inalipwa. Huyu anatafuta pa bei chini lakini pasafi, pasipomwaibisha. Wa pili ni mtu wa kampuni: dereva wa gari la usambazaji, fundi wa minara ya simu, mtu wa dawa na vipodozi. Huyu kampuni inamrudishia hela kwa risiti, na ina kikomo. Bila risiti ya EFD hamfanyi biashara, hata ukimpa chumba cha dhahabu.

Wote wawili hawaombi mambo makubwa. Nilidhani watataka televisheni kubwa. Nikanunua mbili, hela ya bure. Walichokuwa wanauliza ni geti, maana gari lina mzigo. Soketi karibu na kitanda, siyo nyuma ya kabati. Meza na kiti, mtu aandike oda zake bila kuinama kitandani. Feni inayofanya kazi na chandarua kisicho na tundu. Godoro gumu, siyo lile linalokumeza. Maji ya kuoga saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu saa kumi na mbili wanataka wawe barabarani. Na chai. Chai ya saa kumi na moja, na vitumbua kama vipo, imenipa wateja wengi kuliko bango la barabarani.

Wanaume wanne wa gari moja la usambazaji kutoka Dar ndio walionijazia pengo. Walikuwa wanakuja kila baada ya wiki mbili, dereva, wauzaji wawili na mbeba mzigo, kila mtu chumba chake, usiku mbili. Hesabu: wanne mara usiku mbili mara safari mbili, ni vyumba 16 kwa mwezi. Mimi nilikuwa natafuta tisa! Dereva wao ni mtu mzima, tulimwita Mzee, namwamkia shikamoo kabla sijamuuliza habari za safari. Dada wa mapokezi alikuwa anajua Mzee hanywi chai yenye sukari na kwamba mmoja wao hataki chumba cha karibu na barabara.

Huyo Mzee ndiye aliyenipa wazo la nyumba ya pili, na hapa ndipo penye somo la kukua. Jioni moja 2018 tunakunywa kahawa akasema, "Kijana, kesho nalala Mnazi Mmoja, halafu Masasi, halafu narudi. Mnazi Mmoja kule nalala mahali hata mbuzi hakubali. Ungekuwa na nyumba kule ningelala kwako." Nilikaa na maneno hayo kama miezi miwili. Kumbe mteja anatembea na mimi nimekaa. Yeye ana njia yake, na kwenye njia hiyo analala mahali pengi, mimi nampata mahali pamoja tu.

Mwaka 2019 nikapanga nyumba Mnazi Mmoja. Sikujenga. Ilikuwa nyumba ya familia, mwenyewe yuko Dar, nikamlipa kodi ya mwaka na kukubaliana naye kwa maandishi kwamba vyoo nitakavyoongeza vinakatwa kwenye kodi. Mzee na wenzake wakalala siku ya tatu tu baada ya kufungua, rangi bado inanuka. Corona ilipokuja 2020 wageni walipungua, na hapo nilishukuru kwamba nimepanga, nikaongea na mwenye nyumba akanivumilia miezi mitatu. Benki ya Mitwero haikunivumilia hata wiki. Nangurukuru nikaongeza 2022 kwa njia ile ile ya kupanga.

Mnapopanua, fanyeni vitu vifanane. Godoro la aina moja, shuka nyeupe zenye mstari wa buluu, soketi upande ule ule wa kitanda. Mzee aliniambia akiamka usiku Nangurukuru mkono unaenda wenyewe kwenye swichi, kama yuko Mitwero. Na kwangu mimi kufanana kunarahisisha kazi: shuka ya Mitwero ikichanika naleta ya Mnazi Mmoja, mhudumu akiumwa namhamisha mwenzake hana cha kujifunza.

Wakubwa nao walipita njia hiyo hiyo. City Lodge ya Afrika Kusini ilianzishwa 1985 na bwana Hans Enderle. Aliwalenga watu wanaosafiri kikazi: kitanda kizuri, bafu, usalama, kifungua kinywa, basi. Kumbi kubwa na mbwembwe za hoteli za nyota tano aliwaachia wenyewe. Baadaye wakaongeza majina ya bei ya chini zaidi, Town Lodge na Road Lodge, na mtu akiliona jina anajua atalipa kiasi gani na atakuta nini, awe Durban au Cape Town. Walipokuja Nairobi walianza kwa kuchukua hoteli zilizokuwa zinafanya kazi tayari, Fairview ikiwemo. Baadaye ndipo wakajenga, na 2018 wakafungua Dar es Salaam. Halafu corona ikawapiga wasafiri wa kikazi, kampuni ikakosa hela, na hoteli za Kenya na Tanzania ikaziuza ili ibaki hai nyumbani kwao. Nilipoisoma habari hiyo nilimwonea huruma mtu nisiyemjua. Vyumba vyao na vyangu havilingani kabisa, lakini ugonjwa ni ule ule: mgeni wa kikazi asiposafiri, chumba cha jana hukiuzi leo. Muuza nguo ataiuza kesho. Usiku ukipita, umepita.

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja, na mvua zikaikata barabara ya Dar huko Kilwa, maeneo ya Somanga na Mikereng'ende. Magari yakasimama. Wa kwenda Dar wakakwama upande wetu, na waliokuwa na haraka wakazunguka Songea. Mimi nilikuwa Kariakoo nafuata shuka, nikakwama upande wa Dar. Dada wa mapokezi akanipigia jioni: "Bosi, nyumba imejaa, watu wanagonga geti, wengine wanasema watalipa hata elfu hamsini."

Miaka yote ile niliyokuwa nalaza vyumba viwili vitatu ikanijia kichwani. Nikamwambia, "Weka elfu arobaini."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na wa kwetu je? Mzee na wenzake wapo, wametoka Masasi leo."

Nikamjibu, "Bei ni moja kwa wote."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mfanyabiashara mwenye msimamo. Nilijiona nimekua.

Siku tano nyumba ilijaa. Vyumba 8 mara usiku 5, kila kimoja nimezidisha 20,000, ni 800,000 ya ziada. Niliipokea kwenye simu nikiwa Dar, nikaongezea shuka na mito. Mzee na wenzake walilala usiku mbili, siku ya tatu wakaenda kwa rafiki yao mjini wakalala sebuleni. Dada hakuniambia hilo, na mimi sikuuliza.

Juni ikapita. Julai nikaa na madaftari matatu mezani kama ninavyofanya kila baada ya miezi mitatu. Mitwero imeshuka. Nikasema ni hali ya biashara. Mnazi Mmoja imeshuka. Nangurukuru imeshuka. Nikawaza wahudumu wananiibia, wanalaza watu bila kuandika. Nikapanda basi mpaka Nangurukuru bila taarifa, nikafika usiku, nikahesabu vyumba mwenyewe. Dada wa watu hajaiba kitu. Vyumba vilikuwa vitupu kweli. Ndipo nikaanza kusoma majina, siyo namba. Mstari wa Mzee haupo. Mitwero haupo, Mnazi Mmoja haupo, Nangurukuru haupo. Tangu Mei.

Hesabu niliifanya pale pale. Mitwero vyumba 16 kwa mwezi. Mnazi Mmoja walikuwa wanalala usiku mmoja kwa safari, vyumba 8. Nangurukuru hivyo hivyo, 8. Jumla 32 mara 20,000, ni 640,000 kila mwezi. Nilipata 800,000 mara moja. Kufikia mwisho wa Juni nilikuwa nimeshairudisha yote na kuongeza.

Gesti ya pili na ya tatu hazikujazwa na mabango yangu. Zilijazwa na mgeni wa gesti ya kwanza aliyezifuata. Basi na kuondoka akaondoka kwenye zote tatu kwa siku moja, na kosa lilifanyika kwenye moja tu.

Nilimtafuta Mzee kwa simu, hakupokea. Nikamfuata Masasi siku niliyojua atakuwepo, nikamkuta kwenye duka la jumla anashusha mzigo. Shikamoo. Marahaba, akaniitikia vizuri tu, na hilo ndilo liliniumiza. Nikamwomba radhi. Akanieleza kitu ambacho sikukijua. Kikomo cha kampuni yao ni 25,000 kwa chumba. Risiti zangu za 40,000 ziliporudi ofisini, kampuni ililipa 25,000 na 15,000 kila mmoja akalipa mfukoni. Usiku mbili, watu wanne: 120,000 za mishahara ya watu, mmoja wao mke wake alikuwa amejifungua wiki ile. "Ungetupigia," akasema. "Ungesema jamani hali ni ngumu, lipeni elfu ishirini na tano. Tungelipa. Sisi siyo watu wa kukwama, sisi ni watu wa kwako."

Nilikuwa nimebeba 160,000, tofauti yote. Akazihesabu, akachukua 120,000 za wenzake, na 40,000 akanirudishia. Akasema hizo ni za kampuni, nimtafute supavaiza wao mwenyewe. Nikamtafuta supavaiza. Alikuwa mstaarabu, akapokea hela, akasema kwa Lindi wameshapata sehemu nyingine na wameelewana bei kwa mwaka mzima.

Tulichobadilisha ni vitu viwili. Kwanza, bei imeandikwa kwa rangi ukutani mapokezi, nyumba zote tatu, na mimi mwenyewe siruhusiwi kuibadilisha kwa simu. Mke wangu ndiye aliyeweka sharti hilo, kwa haki yake ya dagaa na nyanya. Pili, kila nyumba ina daftari dogo la wa kwetu: jina, anapita lini, anataka nini, kikomo cha kampuni yake ni kiasi gani. Akikosekana safari mbili mfululizo, dada anapiga simu kumjulia hali. Hapigi kumuuza chumba, anamjulia hali tu. Tumepoteza wachache sana tangu hapo, na mmoja tulikuta amelazwa hospitali, tukampelekea matunda.

Aprili 2025 barabara ikakatika tena Somanga. Safari hii nilikuwepo Mitwero. Geti likagongwa, watu wakataja elfu hamsini wenyewe, nyumba ikajaa kwa 20,000 na waliokosa vyumba tukawapa mikeka ukumbini bure. Kiukweli mkono uliniwasha. 800,000 ni hela. Usiku wa pili simu ikaita, namba ya Mzee.

"Kijana, una nafasi?"

"Shikamoo Mzee. Vyumba vimejaa, lakini nitawatafutia."

"Bei?"

"Ile ile."

Akaja na mwenzake mmoja, wakalala chumbani kwangu, mimi nikalala kwenye gari. Wale wengine wawili bado wanalala kule walikoelewana, na kampuni yao bado haijanirudia kwa Lindi. Mnazi Mmoja wamerudi wote wanne tangu Juni. Nangurukuru bado.

Sasa kijana wangu wa milioni 30. Usinunue tofali hata moja kwanza. Chukua nauli na hela ya kulala wiki mbili, lala Somanga, lala Nangurukuru, lala Lindi mjini, lala Mnazi Mmoja, lala Masasi. Kila asubuhi saa kumi na moja kaa getini uhesabu magari yanayotoka na uandike ni ya kampuni gani. Ukimaliza utajua njia ipi ina watu wanaorudi na ni wapi wanalala pabaya. Hapo tafuta nyumba ya kupanga, vyumba vitano vinatosha, na hela nyingine iache benki. Ukifika Mitwero nijulishe mapema. Chai ipo kuanzia saa kumi na moja, na bei iko ukutani.